Bidada wa Mtera, Laptopu ya Marehemu Baba na Adapta Iliyotaka Kuvunja Uchumba

Watu wanaachana kwa mengi. Kuna wanaoachana kwa simu iliyosahaulika bila nywila, kuna wa mama mkwe, kuna wa mpenzi wa zamani aliyerudi mjini bila taarifa. Sasa pale Mtera kuna bidada wa miaka 27 ambaye uchumba wake uliyumba kwa sababu ya kidude kidogo kuliko kiberiti, kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Adapta ya waifai. Ndiyo, hiyo hiyo inayoning'inia dukani katikati ya kava za simu na hakuna anayeitazama mara mbili.

Kwa wasiopajua Mtera, ni pale barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapovuka Ruaha Mkuu, penye bwawa. Upande wa Dodoma unasalimiwa "mbukwa", ukivuka unaanza kusikia "kamwene". Abiria wa mabasi wanapajua kwa perege wa kukaanga wanaouzwa dirishani. Bwawa lilikamilika mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya kituo cha Kidatu kule chini, na mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Kwa hiyo umeme unazalishwa pale pale. Mwenye maringo ni intaneti.

Bidada alimaliza chuo Dodoma, akakaa mjini mwaka mmoja akizungusha bahasha, akachoka kulipia chumba ambacho hakuwa na cha kuweka ndani zaidi ya godoro. Akarudi kwa mama. Mama anauza samaki. Baba alishatangulia, na katika vitu alivyoacha kulikuwa na laptopu nyeusi ya mwaka 2012, nzito kama tofali. Mdogo wake wa kiume huiita "Mzee". Mama akisikia hivyo huwa anakohoa.

Na Mzee huyo ndiye aliyeleta riziki. Bidada alipata kazi ya mtandaoni kwa ofisi ndogo ya Nairobi: anasikiliza mahojiano ya Kiswahili, anayaandika, anayapanga kwa sekunde ili yatokee chini ya video. Analipwa kwa dakika za sauti. Kazi yenyewe haihitaji intaneti ya kutisha, anapakua faili, anaandika, anatuma. Shida ni vikao. Kila Jumatatu na Alhamisi saa 4 asubuhi timu nzima inakutana kwa video, na kila Jumatatu na Alhamisi saa 4 na dakika 5 bidada anaganda akiwa mdomo wazi, kama picha ya kitambulisho iliyokataliwa.

Mwezi wa kwanza walicheka. Mwezi wa pili bosi akasema kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kufokewa: "Pole, hatukuskii kabisa. Hebu jipange, mwisho wa mwezi tuone."

Mwisho wa mwezi tuone. Kila aliyewahi kufanya kazi ya majaribio anajua maana yake.

Mchumba wake yuko Dodoma. Kijana wa watu, anafanya kazi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, amepanga Kisasa, chumba na sebule. Yeye hakupepesa macho. Kuna laptopu ya mtumba inauzwa laki 4 na nusu, bidada akope nusu, nusu nyingine atatafuta yeye. Kukopa wapi? Kwa wale jamaa wa kausha damu, si wanatoa siku hiyo hiyo. Akaongeza na sentensi ya pili, ambayo ndiyo iliyochoma: "Na kiukweli Mtera siyo sehemu ya kufanya hiyo kazi. Njoo huku tuanze maisha."

Bidada alisikia mambo mawili kwa mpigo. La kwanza lilikuwa laptopu. La pili halikuwa laptopu.

Mama naye alikuwa na lake. Zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika, laki 3 taslimu. Pesa hiyo ilishapangiwa kazi toka mwaka jana: friza la mtumba. Jua la Mtera halina urafiki na samaki, na asiyekuwa na friza ikifika alasiri anauza kwa bei ya mnunuzi. Lakini siku ile bidada aliposimulia maneno ya bosi, mama alifungua kitenge kwenye kona, akaweka pesa mezani, akasema, "Chukua mwanangu. Samaki walikuwepo kabla ya friza."

Kuna msaada unaokufanya ulale vizuri na kuna unaokukosesha usingizi. Huu ulikuwa wa aina ya pili.

Aliyeokoa jahazi ni mdogo mtu, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu pale senta. Ijumaa moja alikuja na simu yake, akailaza juu ya kibodi ya Mzee. Sehemu ile ile, dakika ile ile, waifai ile ile. Akapima spidi kwenye simu: megabiti 17 kwa sekunde. Akapima kwenye laptopu: 2.4.

Chumba kizima kimya. Maana siku zote lawama zilikuwa za mnara. "Mtandao unazingua", basi, imeisha hiyo. Kumbe kama ni mnara, na simu ingezingua.

Hili jambo ni dogo na wengi hawalifanyi kabla ya kutoa hela. Intaneti ya nyumbani inasafiri vipande viwili: kutoka mnarani hadi kwenye ruta, halafu kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa chako. Adapta inatengeneza kipande cha pili peke yake. Mnara ukiwa umelemewa, hata ununue adapta ya laki, umevalisha matairi mapya gari lisilo na mafuta. Wakarudia kipimo saa 3 usiku, wakati Mtera nzima iko TikTok. Simu ikapata 4, laptopu 2. Kwa hiyo usiku tatizo ni mnara, asubuhi tatizo ni Mzee. Na vikao ni asubuhi.

Mdogo mtu akafungua lile dirisha jeusi la amri kwenye Windows, akaandika netsh wlan show drivers, akashuka na kidole mpaka kwenye mstari wa aina za waifai ambazo kadi inazielewa. Palikuwa na b, g na n. Hapakuwa na a wala ac. Maana yake ni kadi ya kiwango kilichopitishwa mwaka 2009, inayotumia masafa ya 2.4 tu. Kadi ya aina hiyo ikiwa na antena moja, kwenye karatasi kawaida inaishia megabiti 72, na mtaani ni nusu ya hapo au chini, kabla hujahesabu kuta. Chumba cha bidada kiko kuta mbili za matofali ya kuchoma kutoka sebuleni iliko ruta.

Lakini hata hivyo 2.4 ilikuwa aibu. Wakaanza na vya bure.

Cha kwanza kilikuwa masikioni. Bidada anatumia spika zile za masikioni za Bluetooth kwenye vikao, anaonekana wa kisasa. Bluetooth nayo inaishi kwenye masafa ya 2.4, na kwenye laptopu nyingi za umri ule kadi moja ndiyo inabeba waifai na Bluetooth pamoja. Ni ndugu wawili wenye kandambili moja, mmoja akitoka mwingine anabaki ndani. Wakazima Bluetooth, wakachomeka earphone za waya za elfu 3. Spidi ikapanda hadi 5. Cha pili ni ruta, ilikuwa imefichwa nyuma ya TV, imebanwa na kabati la chuma la vyombo, kwa sababu mama hapendi kuona nyaya. Ikahamishiwa juu ya dirisha. Ikafika 7.

Halafu mdogo mtu akaazima steshenari waya wa mtandao wa mita 15, akauchomeka moja kwa moja kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Ikaruka hadi 18.

Hapo ndipo kesi ilipojulikana. Mashine yenyewe ilikuwa haina neno, kifua chake kiko sawa. Kilichochoka ni sikio.

Kwa watu wengine hadithi ingeishia kwenye waya, na kusema kweli waya ni dawa ambayo watu wanaidharau kwa sababu haina mvuto wa kuposti. Ila huu ulipita katikati ya sebule, na saa 11 jioni mama alikuja na beseni la perege kichwani. Hakuanguka. Perege watatu walianguka. Waya ukarudishwa steshenari kabla ya magharibi.

Sasa mjadala ukahamia kwenye adapta ipi, na humu ndimo pesa za vijana wengi zinamopotelea. Mdogo mtu alishaona moja mtandaoni ya muuzaji wa Kariakoo, ya kizazi cha 6, imeandikwa 1800 kwa herufi za dhahabu, elfu 85. Bidada akamwambia tulia kwanza. Kazi yake ni kusikiliza maneno ya watu kwa makini, akasoma na maandishi madogo. Ile 1800 ni jumla: 574 za masafa ya 2.4 na 1201 za masafa ya 5, wakajumlisha wakakuza kidogo. Hazitumiki pamoja kwa wakati mmoja. Zile za 1200 nazo ni hivyo hivyo, 300 na 867. Na nyingi za bei ndogo zinakaa kwenye USB 2, ambayo mlango wake wenyewe unaishia 480. Halafu mwisho wa yote laini yao ya 4G asubuhi nzuri inatoa 17 au 18. Unanunua ndoo ya lita mia uende nayo kwenye bomba linalodondosha.

Wakageuza ruta, wakasoma karatasi ya chini. Masafa ya 2.4 tu. Kwa hiyo adapta ya masafa ya 5 ingekuwa pambo.

Mchumba alipoambiwa hakukubali. Yeye pale Kisasa alibadilisha adapta ya kompyuta yake ya zamani akaweka ya masafa ya 5, na maisha yakabadilika. Anasema ukweli. Kwenye nyumba za kupanga za mjini, ukifungua orodha ya waifai unaona ruta ishirini za majirani, zote zimesongamana kwenye 2.4, ambako njia zisizogongana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Kuhamia 5 ni kama kutoka kwenye daladala ya saa 12 asubuhi. Lakini Mtera bidada anaona ruta mbili, yake na ya mwalimu wa jirani. Msongamano hakuna. Adui yake ni tofali, na masafa ya 5 yanakatishwa na ukuta haraka kuliko ya 2.4. Ushauri wa jamaa ulikuwa sahihi kabisa kwa chumba cha jamaa.

Unaona sasa hii kitu ilivyokuwa inaongea mengine?

Tumtendee haki lakini. Katika kubishana kwao WhatsApp aliweka hoja moja nzito kuliko zote. Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya 2012 haikidhi masharti ya Windows 11. Adapta haitibu hilo. "Unaweka hereni kwa bibi mgonjwa," aliandika. Bidada akakaa na hiyo meseji dakika kumi nzima, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akajibu: "Najua itakufa. Nataka ife ikiwa imeshamnunua mrithi wake."

Baadaye akaongeza moja, fupi: kausha damu haigusi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mkopo unaanza kudai wiki ile ile, kazi haijathibitishwa. Akifukuzwa mwisho wa mwezi anabaki na laptopu nzuri na watu mlangoni. Akichukua ya mchezo, mama anabaki na jua. Akinunua adapta na ikashindikana, amepoteza elfu 35, inauma lakini watu wanakula. Ni mara chache kijana wa miaka 27 anakuwa na chaguo ambalo likienda vibaya halimbomoi mtu mwingine. Akalikamata.

TV haikupata kitu, na kesi yake haikuchukua dakika tano. Mdogo mtu alitaka adapta ya pili kwa ajili ya ile TV, eti Simba na Yanga zisikwamekwame. Kwanza TV nyingi tundu lake la USB halipokei adapta yoyote tu ya mtaani, zinataka ile zilizotengenezewa. Pili, TV iko hatua tatu kutoka kwenye ruta na video ya HD inataka kama megabiti 5, anazipata mchana. Tatu, na hii ndiyo ilimmaliza, TV ikipata spidi zaidi inajipandishia ubora wa picha yenyewe, na HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Anayelipia bando ni mama. Mama akasema TV iachwe ilivyo, na mpira wa usiku unakwama kwa mnara, akausimamishe yeye huo mnara.

Adapta aliyoichagua ilikuwa ya kawaida sana: masafa ya 2.4, ina antena ndefu ya nje kama ya redio ya babu, elfu 30. Ilitoka Dodoma kwa basi, elfu 5, namba ya simu imeandikwa kwa maka pen juu ya boksi. Bidada akasimama barabarani na wauza samaki, konda akaitupa dirishani huku akinunua perege wa elfu 2.

Ndani ya boksi mlikuwa na CD ya draiva. Hapa laptopu mpya zingekwama maana hazina pa kuiweka. Mzee akaimeza bila maswali, na mama aliyekuwa anapita akasema, "Mnaona?" kana kwamba marehemu mwenyewe ameshinda kesi.

Haikuwa moja kwa moja freshi. Jaribio la kwanza lilitoa 9. Mdogo mtu akaizima kadi ya zamani kwenye mipangilio ili mashine isiwe inachanganya mbili, bado 9. Mwishowe wakagundua adapta imechomekwa pua kwa pua na diski ya nje ambayo bidada anahifadhia sauti, na hizi diski za USB 3 zikiwa zinafanya kazi zinatoa kelele inayoharibu masafa ya 2.4. Wakaweka waya mfupi wa USB wa kurefusha, adapta ikapanda juu ya kabati la nguo ikielekea mlangoni. Ikafika 15.

Usiku bado ni 4. Hiyo haijabadilika na hakuna kidude cha kuchomeka kitakachoibadilisha.

Alhamisi saa 4 asubuhi kikao kilianza, saa 4 na dakika 5 ikapita, saa 4 na nusu ikapita. Mtu mmoja wa Nairobi akauliza huyo dada wa Tanzania ni mpya? Bosi akacheka. Mwisho wa mwezi hawakumpa ajira ya kudumu, tusidanganyane, walimwongezea miezi 3 na dakika nyingi zaidi za kuandika. Friza lilinunuliwa wiki hiyo hiyo, limekaa sebuleni pale pale waya ulipokuwa unapita, na humo ndani mna barafu ambayo mama anawauzia hadi wenzake.

Mchumba alipopewa habari za miezi 3 hakufurahi haraka kama alivyotakiwa. Akauliza, "Kwa hiyo umeamua kubaki?" Bidada akamjibu, "Nimeamua kununua adapta." Simu ikakatwa, na safari hii halikuwa tatizo la mtandao.

Siku tatu kimya. Siku ya nne bidada akapima spidi asubuhi, ikatoa 16, akamtumia skrinshoti bila neno lolote. Tiki mbili za bluu. Mchana mzima hakuna kitu. Saa 2 usiku, ule muda mnara unapoanza kulemewa, meseji ikaingia kwa kuchechemea:

"Hivi nyumba ya kupanga huko Mtera ni bei gani?"